Ndoa ughaibuni: muanze bomani, kanisani au msikitini?

Mwaka 1998, kwenye mgahawa mmoja wa Southall, magharibi mwa London, imamu alifungisha nikahi mbele ya wageni wapatao 150. Maharusi walikubaliana kwamba mambo ya serikali yangefuata baadaye. Hayakufuata. Wakazaa watoto wanne, wakahamia Dubai kwa muda na huko wakahesabiwa kuwa mume na mke bila mtu kuuliza, wakarudi Uingereza, na hatimaye wakaachana. Mke alipokwenda mahakamani kuomba talaka, mume akajibu kwamba hapakuwa na ndoa ya kuvunja. Februari 2020 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba kwa sheria ya England sherehe ile haikuwa ndoa, wala hata ndoa batili ambayo ingempa mke haki ya kudai sehemu ya mali.

Kesi hiyo iwe somo kwa wote wanaopanga kuoana nje ya nchi. Huku nyumbani tukisema tunachagua aina ya harusi tunawaza ukumbi, rangi za kamati na MC. Ughaibuni swali linakuwa jingine kabisa: nani anafungisha, wapi, na anasaini karatasi gani. Msimamo wangu ni mmoja: chagueni kwanza ile shughuli ambayo sheria ya mahali pale inaitambua, kisha za dini na za familia zipangwe kuizunguka. Wanaofanya kinyume huishia kuvaa shela mara tatu na bado cheti hawana.

Hatua ya 1: Mtaishi wapi baada ya harusi?

Anzeni na swali hili hata kabla ya kutaja tarehe. Cheti cha ndoa kina kazi nyingi: viza ya kumfuata mwenzako, bima ya afya, kumwandikisha mtoto, pensheni, mirathi. Mtanzania anayeolewa Hamburg na kutarajia kubaki Hamburg anahitaji cheti ambacho Ujerumani haitakitilia shaka. Mkenya anayeoa huko huko lakini wana mpango wa kurudi Nakuru mwakani, huenda akaona ni nafuu kufunga ndoa Kenya na kufanya karamu Ulaya. Hilo la pili watu hulisahau. Si lazima ndoa na sherehe viwe nchi moja, na mara nyingine chaguo bora ni kufungia nyumbani ambako karatasi zote ziko karibu.

Mkiamua kufungia nje, ndoa hiyo itatambuliwa nyumbani kwa masharti ambayo hayana utata mkubwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, ya mwaka 1971, inaikubali ndoa ya ugenini ikiwa ilifungwa kwa namna inayoruhusiwa na sheria ya nchi ile, na ikiwa kila mmoja alikuwa na sifa za kuoa au kuolewa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 nayo inatambua ndoa za nje kwa mtazamo wa namna hiyo. Zanzibar ina sheria na mahakama zake za kadhi, kwa hiyo Mzanzibari asidhani kila kinachosemwa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, kinamhusu.

Sharti la sifa ndilo lenye kisu. Mtu aliyeacha Mwanza ndoa ya kanisani ambayo mahakama haijaivunja hana sifa ya kuoa, hata kama msajili wa Ulaya hana njia ya kulijua hilo siku ya kusaini. Litajulikana siku ya mirathi, mbele ya watoto wa pande zote mbili.

Na kwa Waislamu kuna mazungumzo ambayo wachumba huyakwepa. Kwa sheria ya Tanzania Bara na ya Kenya, ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Ndoa ya serikali ya Manchester, Lyon au Minneapolis ni ya mke mmoja, na kuoa mwingine huku hiyo ikiwa hai ni kosa la jinai huko. Tanzania Bara wanandoa wanaweza kwenda pamoja mbele ya hakimu na kutangaza kubadili aina ya ndoa yao, ingawa ndoa ya kanisani haibadilishwi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Kenya mlango uko upande mmoja tu: kutoka wake wengi kwenda mke mmoja. Bwana ambaye moyoni ana hesabu ya wa pili aseme sasa hivi, mwenzake ajue anasaini nini.

Hatua ya 2: Nchi hiyo inamtambua nani?

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe unapofanyika, na nchi zimegawanyika kwa namna inayowachanganya watu wetu kwa sababu nyumbani tumezoea padre, mchungaji au shehe aliyesajiliwa afungishe ndoa na cheti kitoke palepale.

Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani zinatambua ndoa ya serikali peke yake. Ya dini ni hiari yenu, na haina nguvu ya kisheria hata ikifungishwa na askofu. Ufaransa ni wakali zaidi: lazima mpite kwa meya kwanza, na kiongozi wa dini anayefungisha ndoa mara kwa mara bila kuona cheti cha meya anaweza kufungwa miezi 6 na kutozwa faini ya yuro 7,500. Ndiyo maana imamu wa Marseille akikudai karatasi ya serikali hana dharau na dini yake. Ubelgiji kanuni ya serikali kwanza imo ndani ya Katiba. Ujerumani nao walikataza ya kanisani kutangulia hadi mwisho wa 2008; tangu Januari 2009 inaruhusiwa kutangulia, ila haikupi haki yoyote mbele ya serikali. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hili haliwashangazi, maana kwao pia ndoa yenye nguvu ni ile ya afisa wa serikali, na familia imezoea kuhesabu ya kimila, ya serikali na ya kanisani kuwa shughuli tatu.

Marekani mambo ni tofauti. Mnakwenda pamoja kwa karani wa kaunti mnachukua leseni ya ndoa, kisha anayewafungisha anaweza kuwa hakimu, mchungaji, padre au imamu, kanisani au uani kwa shangazi. Akishafungisha anasaini leseni na kuirudisha kwa karani, na hapo ndipo ndoa inaandikwa. Yaani nikahi ya Columbus, Ohio, ikiwa na leseni ni ndoa kamili. Bila leseni mmebaki na dua na picha. Kila jimbo lina saa zake. Texas mtasubiri saa 72 baada ya kupewa leseni, na inakufa baada ya siku 90. New York ni saa 24, na leseni ya kawaida ina uhai wa siku 60. Kwa hiyo mjomba anayetua Dallas Ijumaa jioni akitaka harusi Jumamosi, nanyi leseni hamjachukua, mwambieni apumzike.

Uingereza usiisome kama nchi moja. Scotland sheria inamwangalia mfungishaji: akiwa ameidhinishwa, awe wa serikali au wa dini, anaweza kuwafungishia ufukweni au mlimani. Kinachotakiwa ni kuwasilisha fomu kwa msajili, si chini ya siku 29 kabla. England na Wales sheria inaliangalia jengo. Kanisa la Anglikana lina utaratibu wake wa tangu zamani. Makanisa mengine na misikiti lazima jengo liwe limesajiliwa kwa ajili ya ndoa, na misikiti mingi haijasajiliwa. Mkichagua ofisi ya msajili au hoteli iliyoidhinishwa, shughuli hiyo haitakiwi kuwa na dini ndani yake: hakuna Zaburi, hakuna tenzi, hakuna Fatiha. Mama mzaa chema aliyejiandaa kuomba kwa sauti aambiwe mapema asije akakatizwa.

England pia mna notisi. Kila mmoja awe ameishi katika wilaya ya usajili kwa siku 7 kamili kabla ya kuitoa, kisha mnasubiri siku 28. Mmoja wenu akiwa mgeni asiye na ukaazi wa kudumu, idara ya uhamiaji inaweza kuirefusha hadi siku 70 ili ichunguze kama ndoa ni ya kweli. Msilipie ukumbi mkiwa na hesabu ya 28. Hesabuni 70 na mlale usingizi. Na mwenye chini ya miaka 18 haolewi England na Wales tangu Februari 2023, hata mzazi akiridhia.

Ghuba ndiko dini inakoshika usukani. Muislamu ataozwa mahakamani au kwa mfungishaji aliyeidhinishwa, na kwa kawaida bibi harusi atatakiwa kuwa na walii, au mtu aliyepewa wakala na walii kwa barua iliyothibitishwa. Kwa wasio Waislamu, kwa miaka mingi kazi ilikuwa ya makanisa na balozi. Abu Dhabi ikafungua mlango mwaka 2021 kwa sheria ya ndoa ya kiraia ya wasio Waislamu, na kuanzia Februari 2023 Falme za Kiarabu zote zikawa na sheria ya aina hiyo. Wakristo wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi huko sasa wana njia ya mahakama bila kulazimika kupanda ndege. Oman nako, raia wake alikuwa akihitaji kibali cha serikali kuoa mgeni. Amri ya Sultani ya 2023 ililegeza hilo, jambo lililopokelewa vizuri na familia zenye mguu mmoja Maskati na mwingine Unguja.

Kuna mlango wa pembeni ambao walioko Ujerumani wanaujua: Denmark. Msajili wa Ujerumani anaweza kudai mlolongo wa vyeti, na kwa raia wa nchi isiyotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa namna wanayoitaka, maombi ya msamaha hupelekwa kwa rais wa mahakama ya juu ya mkoa. Miezi inakwenda. Denmark maombi hupitia ofisi moja ya taifa ya sheria ya familia, nayo ikiridhika inatoa cheti chenye uhai wa miezi 4 mnachokitumia katika manispaa yoyote itakayowapa nafasi, kuanzia Copenhagen hadi kisiwa kidogo cha Ærø ambacho kimejijengea jina kwa harusi za wageni. Lazima uwe na ruhusa halali ya kuwepo huko. Naipenda njia hii kwa wenye karatasi safi. Kwa wanaoikimbilia ili kuficha kasoro siipendekezi, kwa sababu ofisi ya wageni ya Ujerumani itaviuliza vyeti vile vile siku ya kuomba kibali cha kukaa.

Ubalozi je? Sheria ya Tanzania inatambua uwezekano wa ndoa kufungwa kwenye ubalozi wake, lakini kunahitajika pia nchi mwenyeji ikubali. Ulizeni pande zote mbili kwa maandishi kabla ya kuliweka hilo kwenye kadi.

Hatua ya 3: Dini yenu inataka nini?

Mkristo Mkatoliki ndiye mwenye kazi kubwa. Wakatoliki wawili wakifunga ndoa ya serikali Rotterdam wakaishia hapo, kwa Kanisa hawajaoana, na hilo litajitokeza siku ya Komunyo au siku ya kubatiza mtoto. Andikeni kwa paroko wa nyumbani mapema. Mtahitaji cheti cha ubatizo kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi 6, hata kama cha zamani mnacho kwenye fremu. Sababu ni kwamba ndoa huandikwa pembeni mwa jina lako kwenye daftari la ubatizo, hivyo nakala mpya inaonyesha kama una ndoa nyingine au huna. Jalada lenu likikamilika hupita ofisi ya askofu wa nyumbani kwenda kwa askofu wa jimbo mnakofungia. Mmoja akiwa Mkristo wa madhehebu mengine kunahitajika ruhusa; akiwa hakubatizwa kabisa kunahitajika kuondolewa kizuizi. Yote hutolewa, lakini hayatolewi kwa simu wiki moja kabla.

Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wengi wana njia nyepesi: ndoa ya serikali kwanza, kisha ibada ya kubariki ndoa, huko huko au nyumbani mkija likizo. Ibada inaweza kuwa na shela, kwaya na pete kama kawaida. Mwombeni mchungaji aiite kubariki kwenye ratiba na kwenye cheti chake. Vyeti viwili vya ndoa vyenye tarehe mbili na miji miwili vimewasumbua watu kwenye madirisha ya uhamiaji.

Kwa Waislamu, nikahi yenyewe haina gharama wala urefu: walii, mashahidi wawili, mahari, kuozesha na kukubali. Ugumu wa ughaibuni uko kwa walii. Baba yuko Tanga, binti yuko Birmingham. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, baba anaweza kumpa wakala mtu mwingine amwozeshee binti yake. Ifanyeni kwa maandishi, isainiwe mbele ya kadhi au shehe wa huko nyumbani, ipigwe muhuri, iwe na jina kamili la aliyepewa wakala na kiwango cha mahari. Sauti ya WhatsApp inaweza kumridhisha imamu mmoja na kukataliwa na mwingine.

Swali linalobaki ni nikahi itangulie au ya serikali. Panapolazimisha, kama Ufaransa, hakuna la kujadili. Penye hiari, ningewashauri ya serikali itangulie, hata kwa siku moja tu. Mwanaume anayesema tufunge nikahi kwanza, hayo makaratasi tutayafanya Mungu akipenda, pengine ana nia safi. Ila anayebaki mikono mitupu mambo yakiharibika huwa ni mke. Mashehe kadhaa nchini Uingereza sasa hawafungishi nikahi bila kuonyeshwa cheti cha serikali, nami nawapa heko.

Waliotofautiana dini wakumbuke kwamba msajili hajali. Mwanamke Muislamu na mwanaume asiye Muislamu watafungishwa bomani Leeds bila swali, lakini hawatapata shehe wa kuwaozesha kabla bwana hajasilimu. Ni vizuri wazazi walisikie hilo kutoka kwenu.

Hatua ya 4: Viza ya mchumba au ya mwenzi?

Aina ya sherehe mliyoifanya ndiyo inayoamua fomu mtakayojaza, na hapa watu wengi hunaswa.

Viza ya mchumba ya Marekani, ile ya K-1, hutolewa kwa watu ambao bado hawajaoana, waliowahi kuonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya maombi. Ukiingia una siku 90 za kufunga ndoa na yule yule aliyekuombea. Sasa chukulia kijana anaishi Houston, anakuja Mombasa Desemba, wazee wanasema asiondoke hivi hivi, basi nikahi inafungwa nyumbani kwa kina binti ili mambo yawe ya heri. Anarudi Houston anajaza fomu ya mchumba. Kisheria tayari ana mke, na ubalozi ukiligundua hilo maombi yanakataliwa na miezi yote imepotea. Alitakiwa kuomba kama mume.

Watanzania tuna mtego wetu wa ziada, nao ni send-off. Bibi harusi mtarajiwa amevaa gauni refu, kuna keki ya ghorofa, kuna meza kuu, wazazi wanamkabidhi, watu wanacheza hadi usiku. Kwa afisa aliyekulia Iowa hiyo ni harusi. Mkiwa kwenye njia ya K-1, ama isogezeni send-off hadi viza itoke, ama muwe tayari kuieleza: kadi inayosema wazi ni sherehe ya kumuaga binti, barua ya posa, na picha ambazo bwana mwenyewe hayumo kwa sababu yuko kazini Houston. Wapwani mjue kwamba hina hadi kwenye viwiko nayo inazungumza kwenye picha.

Uingereza viza ya mchumba ni ya miezi 6, hairuhusu kufanya kazi, na mkishafunga ndoa mnaomba tena mkiwa ndani na kulipa tena. Ukiweka ada hizo mbili kwenye mizani, wengi huona ni bora kufunga ndoa Dar es Salaam au Nairobi na kuomba viza ya mwenzi mara moja.

Ndoa ya wakala, ambamo bwana yuko Toronto au Seattle na nikahi inafungwa Zanzibar kwa niaba yake, ni halali kwa dini ikitimiza masharti. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiihesabu ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja mbele ya mfungishaji, mpaka wawe wamekutana kimwili baada ya hapo. Tiketi, mihuri ya pasipoti na risiti za hoteli baada ya tarehe ya nikahi ndizo zitakazowatetea. Harusi ya video nayo iko kwenye kapu hilo hilo.

Hatua ya 5: Vyeti, na hasa majina

Kwa kawaida mtatakiwa kuwa na pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kutokuwa na pingamizi la ndoa, na kama mmoja alishaoa au kuolewa, hukumu ya talaka au cheti cha kifo. Cha kutokuwa na pingamizi hutolewa na RITA kwa Tanzania Bara, na kwa Kenya na Msajili wa Ndoa aliye chini ya Mwanasheria Mkuu. Kina muda wake wa kukubalika huko kinakokwenda, kwa hiyo kiwe cha mwisho kuombwa. Talaka iliyoandikwa na shehe kwenye karatasi ya daftari haitoshi kwa msajili wa Ulaya. Ataitaka iliyopita mahakamani.

Kutumika nje, vyeti huthibitishwa. Nchi iliyo kwenye mkataba wa apostili wa Hague, kama Burundi tangu 2015, Rwanda tangu 2024 na Oman tangu 2012, hubandika muhuri mmoja na kwa kawaida kazi imeisha, mradi nchi mnakofungia nayo imo na inaukubali. Isiyokuwemo, cheti hutoka kwa aliyekitoa kwenda Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozi wa nchi mnakofungia. Baada ya hapo kuna tafsiri, na Ujerumani huikubali ya mfasiri aliyeapishwa, hata kama Kiingereza cha cheti chenu kinaeleweka na kila mtu ofisini.

Sasa majina. Sisi tuna jina lako, la baba na la babu. Pasipoti inataka jina la ukoo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma Mohamedi Salum, cha shule kinasema Fatma Mohamed, pasipoti imeandika Salum kama jina la ukoo, na kitambulisho cha taifa kimeweka Mohammed kwa m mbili. Nyumbani huyo ni Fatuma wa mzee Salum, hakuna anayemtilia shaka. Kwa msajili wa Stuttgart hao ni watu wanne. Wekeni vyeti vyote mezani, someni herufi kwa herufi pamoja na tarehe za kuzaliwa za wazazi, na kasoro zirekebishwe na mamlaka iliyozitoa. Hati ya kiapo ya wakili itawasaidia Uingereza mara nyingi. Ujerumani msiitegemee sana. Mtu aliyezaliwa kijijini na kusajiliwa akiwa na miaka 30 abebe na cheti cha ubatizo au cha shule ya msingi, kwa sababu usajili uliochelewa huamsha maswali.

Kuhusu mali, kwa ufupi: Ufaransa, mkitaka mpangilio tofauti na ule wa kawaida wa mali inayochumwa pamoja, mkataba unaandikwa kwa mthibitishaji kabla ya siku ya harusi. Fikirieni kiwanja chenu cha Kibaha mnapoamua.

Hatua ya 6: Wazee

Ndoa ya serikali ya dakika 20, mashahidi wawili na jaketi la baridi, haiwaondolei wazee haki yao. Barua ya posa na washenga vinaweza kwenda Moshi au Bukoba huku mwenyewe yuko Oslo. Washenga tangu zamani ndio wanaotumwa. Mahari ilipwe kabla ya siku ya serikali, hata nusu, na walioipokea waandike. Nimeona pesa ikitumwa kwa M-Pesa kwa kaka wa bibi harusi, na baba akaja kusema hajapokea kitu. Ujumbe wa simu haukumaliza kesi ile. Ulimalizwa na mshenga mwenye umri mkubwa na mbuzi wa pili.

Wenye kipato kidogo naona wafanye hivi: serikali huko mliko, watu kumi, chakula kizuri, kisha likizo ya Desemba, kubariki au walima nyumbani na ndugu wote. Kamati za harusi za Dar zinajua kukusanya michango, lakini wachangiaji waelezwe kwenye kadi kwamba maharusi wameshaoana, wasije wakauliza mlangoni padre yuko wapi.

Hatua ya 7: Kalamu ikishainuliwa

Kabla ya kuondoka mbele ya msajili, soma majina yako kwenye karatasi. Kusahihisha kabla ya kusaini ni neno moja. Baada ya hapo ni barua, ada na majuma.

England na Wales, tangu Mei 2021, mnachosaini siku hiyo si cheti. Ni karatasi ya taarifa ambayo lazima ifike ofisi ya msajili ndani ya siku 21 ili ndoa iingizwe kwenye mfumo. Ndoa ikifungwa kanisani au msikitini, amueni kabla ya ibada nani anaipeleka, kwa jina. Marekani mwulizeni mchungaji au imamu baada ya wiki moja kama ameirudisha leseni, kisha mpigieni karani kuhakikisha.

Ombeni nakala za cheti zaidi ya moja, na mojawapo iwekewe apostili au uthibitisho wa ubalozi kabla hamjahama mji, kwa sababu kuiomba ukiwa Dodoma ni kazi ya barua na kusubiri. Ufaransa, Ujerumani na Denmark mnaweza kuomba nakala ya lugha nyingi, ambayo inapunguza gharama ya mfasiri. Mkija Tanzania, pelekeni cheti RITA muombe ndoa iliyofungwa nje isajiliwe. Bebeni pasipoti zote mbili, nakala na tafsiri, na mwende asubuhi.